Wakimbizi wa Mjini Arua na Koboko: Kadirio Lije na Mipaka Yake

Mapigano yalipolipuka upya Juba, Julai 2016, Wasudani Kusini waliomiminika West Nile, Uganda, walipelekwa kwenye makazi ya Bidibidi, Rhino Camp na Imvepi. Si wote waliobaki huko. Wengi wamepanga vyumba Arua na Koboko, karibu na shule na hospitali. Lakini mkimbizi wa mjini hutambuliwa rasmi Kampala tu. Kwenye daftari la wakimbizi, mama aliyepanga chumba Arua bado ni wa Rhino Camp. Maji anayochota na dawati analokalia mwanawe ni vya mji.

Miji hii ina haki ya kudai fedha kwa ajili ya watu hawa. Sensa ya Mei 2024 inasaidia, ila mji wa mpakani hausubiri miaka kumi hadi sensa ijayo. Njia iliyobaki ni sampuli: chagua mitaa michache, hesabu kaya, kisha kadiria mji mzima. Naiunga mkono, kwa sharti moja: kadirio litolewe pamoja na mipaka yake ya chini na ya juu.

Sharti hilo lina sababu: wakimbizi hufuata ndugu. Mtaa mmoja umejaa, wa pili hauna hata mmoja. Tuseme tumetembelea mitaa 30, kaya 30 kila mtaa: jumla 900. Kama majirani wanafanana kwa kiwango cha 0.1 tu (0 ni kutofanana kabisa, 1 ni kufanana kabisa), uzito wa kaya hizo 900 ni sawa na wa kaya 231 hivi zilizochaguliwa mojamoja mji mzima. Kuongeza kaya katika mtaa uleule hakusaidii sana. Heri kuongeza mitaa. Mtakwimu anayezichukulia kaya 900 kana kwamba kila moja inajitegemea anaipa halmashauri uhakika ambao haupo.

Halafu kuna mlango wenye kufuli. Karani anafika na orodha ya mwenyekiti wa mtaa (LC1), anakuta chumba kimefungwa kwa sababu wenyewe wamekwenda kwenye makazi kuchukua mgao wa chakula. Akiandika “hakuna mtu”, amewafuta walewale aliotumwa kuwahesabu. Lazima arudi siku nyingine.

Wapo wanaotaka tutegemee daftari pekee. Uhakiki wa daftari hilo mwaka 2018 ulitarajia wakimbizi milioni 1.4 nchini, ukathibitisha takriban milioni 1.1. Daftari nalo hukosea, tena bila kutaja ukubwa wa kosa.

Kwa hiyo halmashauri za Arua na Koboko zisikubali ripoti isiyotaja mipaka ya kadirio, idadi ya mitaa iliyotembelewa, na kaya ngapi hazikupatikana. Madarasa na visima vipangwe kwa kuangalia mipaka yote miwili.