Kitambaa Kihojiwe, si Mzee

Somo la vita vya Kagera mara nyingi hufundishwa kwa tarehe zilizoandikwa ubaoni: uvamizi wa Oktoba 1978, kuvunjwa kwa daraja la Kyaka, kuanguka kwa Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Wanafunzi hunakili, kengele hulia. Ilhali katika vijiji vya Bukoba na Muleba hawakosekani wazee wenye sanduku ambamo zimehifadhiwa kadi ya TANU, picha, khanga, na pengine kipande cha nguo kinachosemwa kuwa ni cha bendera. Maoni yangu ni kwamba sanduku hilo liingie katika ufundishaji wetu, kwa sharti kwamba kitu kisikubaliwe kuwa cha kweli kwa sababu tu mwenyewe ni mtu wa heshima.

Najua sharti hili lina ugumu wake. Mtoto aliyelelewa vema hamwulizi babu yake kama ana hakika. Kwa hiyo mwalimu awafundishe kuhoji kitambaa, si mzee.

Tuchukue mfano. Kipande cha kijani na cheusi chaweza kuwa cha TANU. Kikiwa na mlia mwembamba wa dhahabu katikati ya rangi hizo, yawezekana ni cha Tanganyika, iliyotumia bendera hiyo tangu 1961 hadi 1964. Penye buluu, Tanganyika imeondoka, lakini Afro-Shirazi bado ipo. Mfano mgumu zaidi, nao ndio unaofaa darasani, ni kipande cheusi, cheupe na chekundu. Mwenyewe aweza kusema ni cha Wajerumani, waliopoteza mji wa Bukoba kwa siku chache mwezi Juni 1915 Waingereza walipovuka ziwa kuushambulia. Lakini bendera ya Uganda ina nyeusi, manjano na nyekundu, na manjano iliyopigwa na jua miaka mingi huweza kufanana na nyeupe. Basi wanafunzi watazame ndani ya pindo, ambamo mwanga haukufika. Watazame pia kama chini ya nyekundu kuna nyeusi nyingine, kwani ya Uganda ina milia sita. Hata ikithibitika kuwa ni ya Uganda, haijathibitika kuwa ni ya askari wa Amin: mpaka wa Mutukula una biashara, na bendera huuzwa.

Vitu vinavyohusishwa na marais vina shida nyingine, kwa kuwa kiti alichokalia Mwalimu Nyerere hakitofautiani na kiti cha jirani. Hapa kitu chenyewe hakisemi neno. Itafutwe tarehe ya ziara katika magazeti ya wakati ule, itafutwe picha, kisha iulizwe kiti kilikaa kwa nani mwaka hata mwaka. Mwanya wa miaka kumi usiozibwa uandikwe kama mwanya.

Wako wanaosema hiyo ni kazi ya Makumbusho. Sikubaliani nao. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 huvilinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Bendera zote nilizozitaja ni changa kuliko hapo. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilibomoa nyumba nyingi Kagera, na sijui ni nani aliyeorodhesha vilivyokuwa masandukuni. Aliyekuwa na miaka 20 wakati wa uvamizi sasa amepita 65.

Muda upo: vipindi viwili mfululizo vyatosha kwa kitu kimoja. Kitu kibaki kwa mwenyewe, maana kabati la shule lina mchwa, na warithi wana midomo. Wala asitokee mwalimu wa kukikata ili kila mkondo upate kipande chake. Kinachokwenda shuleni ni daftari lenye safu tatu: tulichoona, tulichoambiwa, na tusichoweza kuthibitisha. Safu ya tatu iachiwe nafasi pana, darasa la mwaka unaofuata liendelee nayo.