Kabla ya mkokoteni wa pili, jenga banda la punda



Msimu huu vijana kadhaa wameniuliza swali linalofanana. Ni wale wanaolima vitunguu na mahindi ya kuuza, au wanaobeba maji na mizigo ya watu kwa mkokoteni. "Afisa, nina punda wawili. Kuna haja ya kuwajengea banda hapa nyumbani, au ni kupoteza hela tu? Punda si mnyama wa kulala nje?"

Nitatoa jibu kwanza, halafu nieleze. Kama punda wako wanakuingizia hela na eneo ni lako, wajengee banda, na ulijenge kabla hujanunua punda wa tatu au mkokoteni wa pili. Kama umepanga chumba kwenye nyumba ya mtu, au punda wako anafanya kazi mara chache, usijenge. Kuna njia nafuu zaidi, nitaitaja.

"Punda kazoea"

Hii ndiyo hoja ninayoisikia kuliko zote. Yaani punda ni mgumu, ametengenezwa kwa shida, babu zetu hawakuwahi kumjengea. Ni kweli punda ni mgumu, lakini tuulize ni mgumu kwa kitu gani. Asili yake ni punda-mwitu wa maeneo makame ya kaskazini-mashariki mwa Afrika. Mwili wake umeumbwa kwa jua, kiu, majani makavu na ardhi yenye mawe. Haukuumbwa kwa masika.

Manyoya ya punda hayazuii maji vizuri kama ya farasi. Mvua ikimpiga usiku kucha analowa hadi kwenye ngozi, anapata baridi, anatumia nguvu nyingi kujipasha moto, na asubuhi unamfunga mkokoteni akiwa amechoka tayari. Kwato zake nazo ni hivyo hivyo. Akisimama kwenye tope na mkojo wiki nzima, kwato zinalainika, uchafu unaingia, zinaoza au zinatunga usaha. Punda anayechechemea hafanyi kazi, na wewe huna mapato.

Babu zetu hawakumjengea banda, sawa. Lakini wengi wao walikuwa na eneo kubwa, miti mingi na boma la miiba, na punda hakuwa anavuta mkokoteni wa tofali mara sita kwa siku. Kazi imebadilika, kwa hiyo malazi nayo lazima yabadilike.

Punda hapatikani kirahisi kama unavyodhani

Vijana wengi hesabu hii hawajawahi kuipiga. Mimba ya punda huchukua mwaka mmoja hivi, wakati mwingine inazidi. Kwa kawaida anazaa mtoto mmoja. Huyo mtoto anaanza kazi nyepesi akiwa na miaka mitatu hivi, na kazi nzito akiwa na minne. Jumlisha mwenyewe: tangu mimba hadi punda wa kuvuta mkokoteni ni miaka mitano. Kuku ukimpoteza, miezi michache inatosha kupata mwingine. Punda ukimpoteza, umepoteza kitu kilichochukua miaka mitano kutengenezwa, na kumlea mwingine hadi afike hapo kutakuchukua miaka mingine mitano. Njia ya mkato ni kununua wa mtu mwingine kwa bei atakayotaka yeye.

Kuna na suala la ngozi. Ngozi ya punda inachemshwa kupata gundi inayotumika kwenye dawa za asili za China, na biashara hiyo ilifika hapa kwetu. Machinjio ya punda yaliwahi kufanya kazi Dodoma na Shinyanga. Ngozi ilipopata bei, na wezi walipata sababu ya kuja usiku. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku kwa miaka 15 kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Ni uamuzi mzuri, naunga mkono kabisa. Ila mwizi hasomi maazimio ya Addis Ababa. Punda anayezurura usiku barabarani au aliyefungwa kwa kamba kwenye mti nyuma ya nyumba bado ni mali ya kubebwa.

Na kwa ndugu zangu mnaokaa karibu na mapori, fisi hana habari na marufuku yoyote. Kule Simanjiro, jirani na Hifadhi ya Tarangire, wapo wafugaji waliofunga wavu wa waya kwenye miti hai waliyoipanda kama nguzo kuzunguka maboma, ili kuzuia simba na fisi. Hawakufanya hivyo kwa kutaka maboma ya kupendeza. Walichoka kuamka na kukuta mizoga.

Lini nasema usijenge

Sipendi ushauri wa "kila mtu ajenge". Hali tatu zinanifanya nikuambie subiri.

Ya kwanza, ardhi si yako au haijaeleweka. Kama ni shamba la ukoo, kaa na wazee na ndugu mkubaliane kwanza, hata ikiwezekana muandikiane. Nguzo ikishasimama ndipo kaka mkubwa anakumbuka kwamba pale alitaka kujenga nyumba. Kama umepanga, ongea na mwenye nyumba, weka uzio mwepesi na turubai unaloweza kulihamisha.

Ya pili, nafasi haitoshi. Kiwanja kidogo ambacho banda litagusa dirisha la jirani kitakuletea kesi ya harufu na nzi kwa mwenyekiti wa mtaa. Kama uko mjini, pita ofisi ya serikali ya mtaa na kwa afisa mifugo uulize taratibu za kufuga kwenye makazi. Uliza kabla fundi hajaja. Kisima nacho kiangalie: banda na lundo la samadi vikae mita 30 au zaidi kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko.

Ya tatu, una hela ya banda lakini huna ya maji na majani. Punda anahitaji lita 10 hadi 25 za maji safi kwa siku, kutegemea joto na kazi. Banda bila ndoo ya maji ni jela tu. Anza na ndoo.

Banda lenyewe ni dogo kuliko unavyofikiri

Nimeona vijana wanaogopa kwa sababu wanawaza tofali, lenta na plasta. Punda haombi hayo. Punda wawili wanatosha kwenye eneo la mita 3 kwa 3. Na nasema wawili kwa makusudi: punda ni mnyama wa kundi, akitenganishwa na mwenzake anaweza kugoma kula, na punda akigoma kula anaugua haraka. Usijenge vyumba viwili vya kuwatenga.

Simamisha nguzo imara. Ziba pande tatu kwa mabanzi, fito au tofali, kulingana na ulichonacho. Upande wa nne uache wazi, uelekee kinyume na mvua na upepo unakotokea, na uweke geti la mbao linalopitisha hewa na linalofungwa kwa kufuli. Mbele paa liwe mita 2.7 hivi, nyuma mita 2.2, lizidi ukuta kwa nusu mita kila upande. Mabati 12 yanatosha. Acha nafasi kati ya ukuta na paa ili hewa itembee. Kumfungia punda kwenye chumba kilichozibwa, chenye joto na harufu kali ya mkojo, ni kumharibia mapafu. Banda baya ni baya kuliko kulala chini ya mwembe.

Sakafu ndiyo moyo wa banda. Inua udongo uwe juu kuliko uwanja, shindilia moramu au changarawe, weka mteremko kidogo wa kutoa mkojo, na tandika majani makavu. Saruji si lazima. Ukiiweka, iwe na mikwaruzo ili wasiteleze, na matandiko yawe mengi zaidi. Chimba mfereji nyuma, maji ya mvua yasiingie.

Halafu misumari. Kagua kila ubao kwa mkono wako, msumari wowote uliotokeza ugongwe au ukatwe. Mnajua kwa nini tetenasi tunaiita pepopunda? Wanyama wa jamii ya punda na farasi wanaathirika nayo sana, na inaingia kupitia vidonda vidogo kama vya msumari. Muulize daktari wa mifugo kuhusu chanjo yake, pamoja na ya kichaa cha mbwa.

Tundika nira na mikanda ndani, pakavu. Mikanda iliyolowa usiku inachubua asubuhi, na vidonda vingi vya mabegani vinaanzia hapo. Na okota mifuko ya plastiki kila siku. Punda akiila inaziba utumbo.

Sasa piga hesabu yako

Tuseme punda wawili wanakubakizia shilingi 10,000 kwa siku, ukishatoa posho ya kijana na chakula chao. Mmoja akichechemea wiki tatu kwa kwato iliyooza, mkokoteni wa kuvutwa na wawili umesimama. Siku 18 za kazi ni shilingi 180,000, bila dawa. Akiibiwa, ongeza bei ya punda sokoni kwenu, na siku zote utakazokaa bila kazi ukitafuta mwingine. Andika kiasi hicho kwenye karatasi. Kisha nenda duka la vifaa ulizia bei ya mabati 12, misumari na kufuli, ongeza nguzo na siku mbili tatu za fundi. Weka namba hizo mbili pamoja, uamue kwa namba zako mwenyewe. Zako zinaweza kuwa tofauti na za mfano wangu, ndiyo maana nataka uzipige wewe.

Faida nyingine ndogo ipo: samadi. Punda akilala mahali pamoja, samadi yake inakusanyika mahali pamoja, na bustani yako inaihitaji. Akizurura, samadi inabaki barabarani.

Kuna msemo tunaurudia sana: punda afe, mzigo wa bwana ufike. Kwenye hadithi unaweza kuchekesha. Kwenye biashara ni hesabu mbovu, maana mzigo wa leo ukifika na punda akafa, mzigo wa kesho utabebwa na nani? Kijana anayetaka mkokoteni wa pili wakati punda wake wa kwanza wanalala kwenye tope anaongeza hasara tu, hata kama inaonekana kama ni mtaji unakua.

Kwa hiyo wiki hii fanya jambo moja. Mvua ikinyesha usiku, amka, chukua tochi, uende ukaangalie punda wako wamesimama wapi na kwato zao ziko kwenye nini. Ukirudi ndani utakuwa umeshajua kama unajenga au hujengi.