Gumzo la Filamu na Deni la Mwanafunzi wa Kiswahili

Mwenye macho haambiwi tazama, walinena wahenga. Methali hiyo ina ukweli wake, ila inaacha nusu ya kazi. Mwenye macho akishatazama huulizwa ameona nini, na hapo ndipo lugha inapohitajika. Katika mabweni na mikahawa ya vyuo vikuu vya Kenya, swali kuhusu filamu iliyotazamwa mwishoni mwa juma halikosi mwulizaji. Jibu nalo huwa fupi: "Ni kali sana," ama "Ni noma," ama "Inaboesha." Hukumu ikishatolewa, mazungumzo hurukia kandanda, mitihani au bei ya chakula.

Makala haya yanashikilia kwamba gumzo la aina hiyo si upuuzi wa vijana wanaopoteza wakati. Ni uhakiki ulioanza vizuri ukakatizwa kabla ya kufika. Aidha, yanashikilia kwamba deni la kuukamilisha uhakiki huo limo mabegani mwa mwanafunzi wa Kiswahili kuliko mtu mwingine yeyote, maadamu yeye ndiye aliyekabidhiwa zana za kazi hiyo, na yeye huyo huyo ndiye anayeziacha darasani kipindi kinapokwisha.

Hukumu isiyo na sababu

Mtu anaposema kwamba filamu ni kali, amesema kweli kuhusu nafsi yake: amesisimka. Kuhusu filamu yenyewe bado hajasema neno. Msikilizaji hajui kama kilichomsisimua ni uigizaji, msuko wa visa, muziki au sura za wahusika. Pilipili ni kali, jua ni kali, kisu ni kikali na mwalimu ni mkali. Sifa inayokitosha kila kitu haikitambulishi chochote.

Kwa upande wa pili, yupo mwanafunzi anayeukimbia wepesi huo akatumbukia katika shimo jingine. Akiombwa maoni yake, huanza kuorodhesha: maudhui ni ufisadi, ukoloni mamboleo na nafasi ya mwanamke katika jamii, mbinu za kisanaa ni taharuki, kinaya na mbinu rejeshi. Orodha hiyo ni ya karatasi ya mtihani. Inaweza kubanduliwa kutoka filamu moja na kubandikwa nyingine bila mtu kugundua. Mzungumzaji wa kwanza ana hisia asiyoweza kuieleza. Wa pili ana istilahi asizozihisi. Uhakiki wa kweli huzaliwa pale wawili hao wanapokutana, na kinachowakutanisha ni swali moja tu: kwa nini?

Mtazamaji wa kawaida na werevu wake

Huenda msomaji akauliza kama gumzo la kawaida linaweza kubeba mzigo mzito kama huo. Historia inaonyesha kwamba uwezo wa mtazamaji wa Afrika umedharauliwa tangu zamani. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa filamu za elimu uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara nchini Tanganyika, ulizungusha filamu zake kwa lori katika Afrika Mashariki na Kati, zikiwa na maelezo ya Kiswahili na ya lugha nyingine. Mnamo 1939 serikali ya Uingereza iliunda kitengo cha filamu kwa ajili ya makoloni yake. William Sellers, aliyekiongoza kitengo hicho, aliamini kwamba Mwafrika asiyesoma hangeweza kufuata mbinu za kawaida za sinema. Kwa hivyo alisisitiza kwamba picha zikae muda mrefu mbele ya macho, hadithi iende polepole, na hila za kamera ziepukwe.

Dai hilo lilijibiwa na watazamaji wenyewe, wala hawakuhitaji tasnifu. Katika vibanda vya video, mtoto asiyejua hata neno moja la Kichina au la Kihindi hutangaza mapema kwamba staringi hafi. Hayo si maneno ya mjinga. Ni kanuni ya utanzu mzima wa filamu za mapigano, iliyogunduliwa kwa kutazama, kulinganisha na kukumbuka. Mtoto huyo anajua pia kwamba adui mkubwa hujitokeza mwishoni, na kwamba rafiki wa staringi yumo hatarini tangu anapoanza kutaja mipango yake ya kuoa. Darasani kanuni kama hizo huitwa muundo.

Katika vibanda hivyo hivyo ndimo ulimonawiri usimulizi wa filamu kwa Kiswahili. Nchini Kenya, DJ Afro alijipatia umaarufu kwa kuzisimulia filamu za kigeni katika Kiswahili kilichochanganyika na Sheng. Nchini Tanzania, Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alifanya kazi iyo hiyo kwa mtindo wake. Msimulizi wa namna hii hatafsiri tu. Humpa mhusika jina la mtaani, humkejeli mwoga, humwonya asiyesikia na kuyaeleza matendo ya wageni kwa mizani ya nyumbani. Anayefundishwa fasihi simulizi atamtambua mara moja: ni fanani mbele ya hadhira yake. Fauka ya hayo, ni mhakiki, kwa kuwa husimulia na kutoa maoni kwa pumzi moja. Ikiwa Kiswahili kimeweza kuibeba kazi hiyo kibandani, hakuna sababu ya kukiona kimelemewa katika bweni la chuo kikuu.

Kutoka kicheko hadi hoja

Mifano mitatu ya filamu za Afrika Mashariki yatosha kuonyesha jinsi maoni mepesi yanavyoweza kukuzwa yakawa hoja.

Ya kwanza ni Nairobi Half Life, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga na kutolewa mwaka 2012. Mhusika mkuu, Mwas, ni kijana wa mashambani anayeuza filamu kwa kuviigiza visa vyake mbele ya wateja, huku akiota kuwa mwigizaji. Afikapo Nairobi ananyang'anywa mali yake, kisha anajikuta korokoroni, ambako analazimishwa kusafisha choo kilichochafuka kupindukia. Wengi hucheka hapo. Anayesema, "Pale chooni nilivunjika mbavu," ametoa maoni ya kawaida kabisa. Na aulizwe kwa nini. Je, alimcheka Mwas, au alicheka ili asitapike? Je, filamu ilimtaka auone uchafu wa choo, au uchafu wa mji unaomtupa mgeni seli badala ya kumsikiliza? Kicheko hicho kikifuatwa hadi chanzo chake, mtazamaji ataona kwamba Joseph Wairimu, aliyetuzwa kuwa mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Durban mwaka huo, hakumwigiza mshamba wa kuchekwa tu. Alimwigiza mtu anayeilinda heshima yake mahali ambapo heshima haina nafasi. Hapo tayari pana hoja, na mwenzake anaweza kuipinga kwa kusema kwamba filamu inaupamba uhalifu. Mjadala umezaliwa.

Ya pili ni Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyotolewa mwaka 2018. Ni kisa cha Jo, msichana mgonjwa asiyetarajiwa kupona, anayezipenda mno filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Dada yake anawashawishi wanakijiji wamfanyie hila ya upendo ili aamini kwamba naye anazo nguvu hizo. Maoni ya kawaida kuhusu filamu hii ni kwamba inaliza. Ni kweli, lakini vitunguu pia huliza. Mtazamaji hulia kwa sababu anajua kisichotamkwa mbele ya mtoto, na kila ushindi wa Jo unamkumbusha kushindwa kunakosubiri. Hicho ndicho kinaya, nacho hapa si jina la kukariri tena, bali ni kitu kilichomkaba mtu koo. Zaidi ya machozi lipo swali la maadili: je, kumdanganya mtoto anayekufa ni kumpenda au ni kumnyima haki yake? Mama yake Jo haafikiani kwa urahisi na hila hiyo. Anayemuunga mkono mama na anayemuunga mkono dada wana jambo la kujadiliana hadi usiku wa manane.

Ya tatu ni Vuta N'Kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji na kuonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Filamu hii inamhusu mwanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja, kwani imetokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999. Anayeijua riwaya hukimbilia kusema kwamba kitabu ni kitamu kuliko filamu. Kauli hiyo imezeeka kwa kurudiwa, lakini bado ina faida ikiulizwa vyema. Ni kitu gani kilichopotea? Filamu ya takriban saa moja na nusu haiwezi kubeba wahusika na matukio yote ya riwaya ndefu. Ni lazima mapenzi ya Yasmin na Denge yavutwe mbele na mengine yasukumwe nyuma. Na ni kitu gani kilichoongezeka? Riwaya huweza kuitaja taarabu, lakini filamu huisikizisha. Riwaya huzieleza njia nyembamba za Unguja ya miaka ya 1950. Filamu humpitisha mtazamaji humo, gizani na mwangani. Aliyekwisha kupima hasara na faida kwa namna hiyo ameingia katika nadharia ya utohozi wa kazi za fasihi, hata kama hakuwahi kusikia ikitajwa.

Pingamizi na majibu yake

Zipo pingamizi tatu zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza husema kwamba filamu ni starehe, na kuidai sababu ni kuiua. Waama, hakuna anayetaka mkahawa ugeuzwe ukumbi wa mtihani. Hata hivyo, wapenzi wa kandanda hubishana usiku kucha juu ya pasi moja, na mchezo haujafa kwa sababu hiyo. Hoja huurefusha utamu. Kinachoua starehe ni kumwaga siri ya mwisho wa hadithi mbele ya asiyeitazama, na adabu hiyo ni ya kuzingatiwa. Mtu anaweza kutoa sababu zake zote bila kumharibia mwenzake uhondo.

Pingamizi ya pili hudai kwamba Kiswahili hakina maneno ya filamu. Msuko, mandhari, maleba, taharuki, uhariri na mwongozaji ni maneno gani basi? Yanayokosekana huweza kuelezwa kwa lugha nyepesi: kamera imemsogelea mhusika, kamera inamfuata kwa nyuma, sauti imekatika ghafla. Kamera na filamu zenyewe ni maneno yaliyokuja kama wageni, na leo yana unyumba katika Kiswahili. Istilahi hukomaa kwa kutumiwa, wala si kwa kungojewa.

Pingamizi ya tatu hutetea Sheng, kwa madai kwamba ndiyo lugha ya vijana. Sheng haina haja ya wakili hapa, kwani Nairobi Half Life yenyewe imeipa ukumbi mkubwa. Suala si kuifukuza Sheng mezani. Suala ni kwamba msomi wa Kiswahili anayeweza kuufafanua ushairi wa karne zilizopita, kisha akabaki na neno "noma" mbele ya filamu ya jana, ana pengo katika elimu yake.

Hatari iliyopo

Pengo hilo si la mtu binafsi pekee. Tahakiki nyingi za filamu zinazochapishwa nchini Kenya huandikwa kwa Kiingereza, hata pale wahusika wanapozungumza Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Msanii hutunga kwa lugha moja, akahukumiwa kwa nyingine. Mtazamaji wa kibandani, ambaye ndiye wengi, huachwa nje ya mlango wa mjadala unaomhusu. Lugha isiyotumiwa kutolea hukumu na sababu hubaki kuwa lugha ya kupokea tu.

Ubaya wa kuhukumu bila kutazama nao ulidhihirika mwaka 2018. Mnamo Aprili, Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya iliipiga marufuku Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu kuhusu mapenzi ya wasichana wawili. Mwezi wa Septemba Mahakama Kuu iliruhusu ionyeshwe kwa siku 7. Kabla ya siku hizo 7, waliotazama walikuwa wachache, ilhali waliotoa maoni, ya kuiunga mkono na ya kuilaani, walikuwa wengi. Mtu ana haki ya kuikataa filamu kwa imani yake au kuitetea kwa msimamo wake. Ila anayezungumzia asichokiona hahakiki filamu, anahubiri.

Tiba yake haihitaji fedha wala kibali. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinaweza kutenga jioni moja kwa mwezi, filamu itazamwe, kisha mjadala ufanywe kwa Kiswahili chini ya sharti moja: kila anayetoa hukumu ataje onyesho moja linaloithibitisha. Majarida ya vyama hivyo yanaweza kutenga ukurasa wa tahakiki fupi. Wahadhiri nao wanaweza kuyapokea maoni ya filamu kama wanavyoyapokea ya riwaya, bila kuyaona kuwa mchezo wa watoto.

Anayesema filamu ni kali asinyamazishwe. Aombwe aendelee, tena kwa Kiswahili, maana sentensi yake ya pili ndiyo inayosubiriwa.