Afya ya Akili ya Walioko Ughaibuni ni Dhamana Yetu

MFANYAKAZI anapovunjika mguu akiwa ugenini, kila mtu huliona jeraha lake na kumwonea huruma. Lakini anapokosa usingizi kwa miezi, akawa hushtushwa na mlio wa kengele ya mlango na kulia bila sababu inayoonekana, husemwa kwamba amerogwa au kwamba hana moyo wa kazi. Huo ni upotofu, na hatuna budi kuuondoa, hasa tunapowafikiria dada zetu wanaofanya kazi za nyumbani katika Oman na nchi nyingine za Ghuba.

Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa iliyotokana na mahojiano na wanawake 50 wa Tanzania waliofanya kazi katika Oman na Falme za Kiarabu. Wengi walieleza jinsi pasipoti zao zilivyochukuliwa, na jinsi walivyofanya kazi kutwa na sehemu kubwa ya usiku bila siku ya mapumziko. Mambo hayo huzungumzwa kama dhuluma ya mwili na ya mshahara, na kweli ni dhuluma. Lakini ni dhuluma ya akili pia. Mtu asiyelala huchoka hata kufikiri. Mtu asiye na simu hana wa kumtua mzigo wa moyo. Na mtu ambaye mahali pake pa kazi ndipo pake pa kulala hana mlango wa kutokea jioni na kusema: leo nimemaliza.

Uzito huo huongezwa na utaratibu wa udhamini, ambao humfunga mgeni kwa mwajiri mmoja. Ingawa baadhi ya nchi za Ghuba zimelegeza masharti yake katika miaka ya karibuni, mtumishi wa nyumbani anayekimbia mateso bado anaweza kuhesabiwa mtoro. Aliyeonewa hugeuka mshitakiwa. Ni akili gani itakayotulia katika hali hiyo?

Wapo wanaojifariji kwamba Oman si ugenini, kwa kuwa huko Kiswahili husikika majumbani na undugu wa damu ni wa karne nyingi. Undugu huo tunauenzi. Lakini lugha moja si mkataba wa kazi, na binti aliyeagwa kwa maneno kwamba anakwenda kwa ndugu hupata taabu maradufu anapogundua kwamba huko hakuna wa kumwita ndugu.

Wengine hushauri kwamba safari hizi zipigwe marufuku. Shauri hilo hatuliungi mkono. Njaa haisomi amri. Mlango wa halali ukifungwa, mawakala walaghai watawapitisha vijana wetu njia za uficho, bila mkataba, na bila ubalozi kujua waliko. Dawa ni kuuweka mlango wazi na kuulinda.

Ulinzi wenyewe unajulikana. Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unataka mtumishi wa nyumbani anayeajiriwa nchi nyingine apewe mkataba wa maandishi kabla ya kuvuka mpaka, akae na pasipoti yake mwenyewe, na apumzike angalau saa 24 mfululizo kila wiki. Tunaongeza kwamba mkataba huo usomwe kwa Kiswahili mbele ya mwenye kusafiri na jamaa zake, na kwamba wakala asiyejua hali ya mtu aliyempeleka anyang'anywe leseni. Aidha, kila ubalozi wetu katika nchi hizo uwe na ofisa ambaye kazi yake ni kuwasikiliza wafanyakazi, na kuwapigia simu kabla wao hawajapiga.

Lakini Serikali peke yake haitoshi. Sisi tuliobaki nyumbani tuna kosa letu. Mara nyingi tunauliza, "Umetuma kiasi gani?" kabla ya kuuliza, "Umelalaje?" Anayerudi mikono mitupu tunamcheka, anayerudi na huzuni tunamtajia Mirembe kwa kejeli, kana kwamba kutibiwa ni aibu. Kwa hiyo wengi huvumilia mateso kwa kuogopa aibu inayowangoja nyumbani, na wakirudi hunyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Basi hospitali zetu za wilaya ziwe tayari kuwapokea, na majirani wawe tayari kunyamaza na kusikiliza. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Dada zetu watarudi, na ni wajibu wetu kuhakikisha kwamba wanarudi wakiwa wazima wa mwili na wa akili.