Hekaya Ndefu za Majoka na Wafalme: Tuwapokonye Watoto au Tusome Nao?





Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Maswahaba wake.

Wazazi wa pande zote mbili za mpaka, Busia ya Kenya na Busia ya Uganda, hadi Tororo, wamekuwa wakituletea swali moja. Vijana wao wa sekondari wamezama katika hekaya ndefu za Kiingereza, kitabu baada ya kitabu, zenye wafalme, majoka yarukayo na wachawi, na watu wengi hata mwandishi analazimika kuweka orodha ya majina mwishoni. Mzazi anauliza: tuvichome, tuvifungie kabatini, au tunyamaze tu? Tumeona tutoe rai yetu hapa ili iwafae wote.

Kwanza tuvijue vitabu vyenyewe, kwani si haki kuhukumu kitu kwa kutazama jalada. Mwingereza J. R. R. Tolkien alitoa The Lord of the Rings kwa juzuu tatu kati ya mwaka 1954 na 1955, pamoja na ramani na nasaba za koo alizozibuni mwenyewe. Mmarekani Robert Jordan alianza The Wheel of Time mwaka 1990. Akafariki mwaka 2007 kabla ya kumaliza, na mwandishi mwingine, Brandon Sanderson, akaikamilisha mwaka 2013 kwa juzuu ya kumi na nne. Hekaya hiyo ina maneno zaidi ya milioni nne na watu wenye majina zaidi ya elfu mbili. George R. R. Martin naye alianza yake mwaka 1996, juzuu ya tano ikatoka mwaka 2011, na ya sita bado inasubiriwa.

Vitabu hivi si sawa. Vya Martin vina zinaa na ukatili ulioelezwa waziwazi, na hivyo havimfai mtoto. Hapo hatuna maneno mengi. Vya Tolkien ni safi zaidi kwa upande huo. Mzazi anayeviita vyote "vitabu vya mashetani" na kuvitia kapu moja, mwanawe atajua mara moja kwamba baba hakufungua hata ukurasa mmoja. Siku atakapomkataza kitu kilicho haramu kweli, neno lake halitakuwa na uzito.

Wako wanaosema kwamba hekaya za namna hii ni jambo la Wazungu, halituhusu. Hapa tunaomba tukumbushane historia. Huko India, Waislamu walisimulia kwa karne nyingi hekaya ya Amir Hamza, yenye majini, majitu na miji ya sihiri. Mfalme Akbar wa Dola ya Mughal aliagiza ichorwe, na picha zake zikawa kiasi cha 1,400. Katika karne ya 19 kiwanda cha uchapaji cha Naval Kishore cha Lucknow kikaanza kuichapa kwa Kiurdu, na ilipomalizika ilikuwa juzuu 46. Kumi na nne za Mmarekani ni chache mbele yake.

Na pwani yetu ya Waswahili haikuwa nyuma. Mwaka 1728, huko Pate, Mwengo bin Athumani alitunga Utenzi wa Tambuka, unaoitwa pia Chuo cha Herekali, wenye beti zaidi ya elfu moja. Utenzi wa Ras al-Ghuli wa Mgeni bin Faqihi unapita beti elfu nne, na unasimulia vita vya Maswahaba na mfalme wa kutisha katika nchi ya Yemen. Humo mna majeshi, mashujaa na majina mengi ya kumchanganya msikilizaji. Babu zetu walikaa wakasikiliza usiku baada ya usiku, wala hawakuacha swala.

Sasa tuseme neno ambalo huenda likawashangaza baadhi ya ndugu zetu. Kwa maoni yetu sisi walimu wa madrasa, hekaya inayotaka uangalizi zaidi siyo ile ya majoka. Ni ile yenye majina ya Maswahaba. Mtoto wa miaka kumi na minne anajua kwamba hakuna joka juu ya Mwamba wa Tororo. Hadanganyiki. Lakini akisikia katika utenzi kwamba kule Tabuk palikuwa na vita vikubwa na jeshi la Herekali, ataamini, kwa sababu majina ni ya kweli na mahali ni pa kweli. Vitabu vya sira vinatuambia kwamba mwaka wa 9 Hijria Mtume (S.A.W.) alitoka na jeshi hadi Tabuk, akakaa huko kwa muda, kisha akarejea Madina bila kupigana na jeshi la Rumi. Vita vile vya utenzi ni kazi ya msimulizi.

Wanazuoni wetu waliliona jambo hili zamani. Ibn al-Jawzi, aliyefariki mwaka 597 Hijria, aliandika kitabu kizima juu ya wasimulizi wa visa, na as-Suyuti, aliyefariki mwaka 911, akaandika kingine kuonya juu ya uongo wao. Kilichowauma si kwamba watu wanapenda visa. Hata ndani ya Qur'ani tumeteremshiwa visa, na Surat Yusuf inatupa kisa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kilichowauma ni msikilizaji kushindwa kutenganisha hadithi yenye isnadi na hekaya ya barazani. Basi mtoto afundishwe kutenganisha, na akishajua, ataweza kuifurahia hekaya kwa jina lake la hekaya.

Suala la sihiri tusilipuuze. Wako wanazuoni wanaokataza vitabu vyenye wachawi kabisa, na hoja yao ina uzito, kwa sababu sihiri ni katika madhambi makubwa. Anayefuata rai hiyo nyumbani kwake tunamheshimu. Rai yetu ni kwamba kusoma juu ya mchawi wa kubuni si sawa na kwenda kwa mganga. Tena tuseme kweli: tishio la sihiri hapa mpakani haliletwi na Tolkien. Linaletwa na mabango ya waganga yaliyobandikwa kwenye nguzo njiani, na watu wazima wanaopiga namba zile.

Je, hatari iko wapi? Iko katika kusoma peke yako. Utenzi ulighaniwa mbele ya watu. Mtoto akipotea katikati ya majina, alimuuliza aliyekaa karibu: huyu ni nani, ni mwana wa nani, mbona amemsaliti nduguye? Mzee alijibu, na katika kujibu alilea. Leo kijana anasoma juzuu kumi na nne ndani ya simu, amejifunika shuka, saa nane za usiku. Zamani mama alikiona kitabu chini ya mto. Simu haina jalada la kuonekana. Kijana anakutana na usaliti, kulipiza kisasi, mfalme dhalimu na mwema anayeuawa bila kosa, na hana wa kumuuliza. Halafu Alfajiri inampita akiwa usingizini. Mzazi anayempokonya simu hajaondoa upweke huo, ameuzidisha tu, maana kesho kijana atasoma kwa kujificha zaidi, au ataacha kusoma kabisa. Na mtoto aliyeacha kusoma hatufai hata madrasa.

Tunashauri mambo manne:

1. Mzazi aulizie kitabu kabla ya kukikataza. Amwambie mwanawe, "Hebu nisimulie huyu shujaa wako ni nani." Mama asiyesoma Kiingereza naye anaweza kusimuliwa, na kijana akimsimulia kwa Kiswahili, Kiteso au Kisamia atakuwa amekielewa kitabu mara mbili.

2. Kuwe na daftari la majina. Kijana aandike kila mtu, ukoo wake na upande wake. Watoto wetu wa mpakani wanaiweza kazi hii, kwani wana shangazi upande huu na bibi upande ule, na wanajua nani ni wa nani bila kitambulisho. Kisha daftari hilohilo ligeuzwe, upande wa pili aandike Maswahaba. Ibn Hajar katika al-Isaba alikusanya wasifu zaidi ya elfu kumi na mbili. Kijana aliyehifadhi nasaba za wafalme ambao hawakuwahi kuwepo hashindwi na majina hamsini ya watu waliokuwepo.

3. Kuwe na mpaka wa muda na mpaka wa yaliyomo. Simu ilale sebuleni baada ya Isha na dakika chache za kusoma. Chenye zinaa kisisomwe, na kijana aelezwe sababu.

4. Usomaji wa pamoja urudi. Usiku mmoja kwa wiki, nusu saa, familia isome kwa sauti: sira, utenzi, au sura moja ya hekaya ya kijana mwenyewe. Baba asimamishe na kuuliza, "Wewe ungefanyaje hapa?" Watoto wataulizana, na majibu yao yatamwonyesha baba mambo wanayoyawaza ambayo hawajawahi kumwambia.

Ndugu zetu, samaki mkunje angali mbichi, lakini huwezi kumkunja usiyemgusa. Kijana anayekesha na maneno milioni nne ana subira ambayo walimu wengi tunaitafuta kwa watoto na hatuioni. Kuizima kwa kiberiti ni hasara. Kazi yetu ni kukaa karibu naye, tumuulize, na tumpe pia vilivyo vyetu.

Tunamuomba Allah (S.W.) awafanye watoto wetu kitulizo cha macho yetu, awape elimu yenye manufaa, na atupe sisi wazazi na walimu subira ya kuwasikiliza. Amin.

Wabillahi Tawfiq.