Mifuko Mitatu ya Saruji

Dai lenyewe mmelisikia: gari dogo la michezo likiongezewa kilo 150, dereva wa kawaida hataona tofauti. Nimezisikiliza hoja za wanaolitetea hadi mwisho kabla ya kujibu, kwa sababu baadhi yake zina chembe ya kweli, na chembe hiyo ndiyo inayowapotosha watu. Kilo 150 ni mifuko mitatu ya saruji. Gari nitakalolipakia mifuko hiyo ni Mazda MX-5 ya kwanza, ile iliyooneshwa Chicago mwezi Februari 1989: viti viwili, injini ya lita 1.6, nguvu za farasi 116 hivi, uzito wa takriban kilo 940. Nimelichagua kwa kuwa karibu kila sifa linayopewa imetokana na wepesi wake. Mizani nawaachia ninyi mnaosoma.

Wanaanza na udogo wa namba. Kilo 150, wanasema, ni abiria wawili tu, na magari hubeba abiria kila siku bila mtu kulalamika. Tuulize kwanza ni magari gani. Toyota Land Cruiser ya kizazi cha 200 ina kilo 2,600 hivi; mifuko yetu mitatu haifiki hata asilimia 6 ya uzito huo. Kwenye MX-5 mifuko hiyohiyo ni asilimia 16. Weka dereva wa kilo 75, jumla inakuwa kilo 1,015. Pakia saruji, inafika 1,165. Injini haijabadilika, kwa hiyo gari linashika mwendo polepole zaidi kwa asilimia 13 hivi. Kama lilikuwa likifika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 9, sasa litapita sekunde 10. Anayeijua barabara ya njia mbili anajua sekunde hiyo moja na zaidi ina maana gani: ni kumaliza kulipita lori, au kukata tamaa katikati na kurudi nyuma yake. Na kuna jambo ambalo watoa hoja hawakulitazama. MX-5 ina viti viwili. Dereva akishaketi, imebaki nafasi ya abiria mmoja. Mfano wao wa abiria wawili hauingii hata ndani ya gari wanalolizungumzia.

Kisha wanasema mwendo wa juu kabisa haubadiliki. Hapa wako sahihi kwa sehemu kubwa. Kwenye barabara tambarare na ndefu, kinachozuia gari karibu na kilele cha mwendo wake ni upepo, na upepo hauulizi gari lina kilo ngapi. Lakini hicho ndicho kipimo pekee ambacho uzito haukigusi sana, na ndicho kipimo ambacho dereva wa gari dogo la michezo hukifikia mara chache kuliko vyote. Kati ya mizani zote zilizokuwapo, wamechagua ile isiyopima kitu kinachobishaniwa.

Hoja yao yenye nguvu zaidi ni ya injini, na inastahili kujibiwa kwa kirefu. Wanasema uzito ni deni ambalo nguvu hulilipa, na shahidi wao ni Tesla Roadster ya mwaka 2008. Gari hilo lilijengwa kwa kutumia msingi wa Lotus Elise, likabebeshwa betri ya takriban kilo 450, likavuka kilo 1,200, na bado lilifika kilomita 96 kwa saa ndani ya sekunde 4 hivi, wakati Elise ya kwanza ya mwaka 1996 ilihitaji karibu sekunde 6. Ushahidi huo ni wa kweli. Tatizo ni kwamba unamtia hatiani aliyeuleta. Elise ya kwanza ilikuwa na nguvu za farasi 118 kwa kilo 725 hivi, yaani nguvu 163 kwa kila tani. Tesla ilikuwa na nguvu 248 hivi, yaani takriban 200 kwa kila tani. Gari lililoshinda ni lile lenye nguvu nyingi zaidi kwa kila kilo, na hiyo ndiyo kanuni hasa wanayotaka kuikanusha. Kama uzito ungekuwa si kitu, Tesla isingehitaji kuzidisha nguvu mara mbili ili kushinda kwa sekunde mbili.

Deni lenyewe, zaidi ya hapo, linalipwa mahali pamoja tu: kwenye mnyoofu. Ukifika kwenye kona, injini haina inachoweza kulipa. Kinachozigeuza kilo zote zile ni vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikigusa lami kwa eneo lisilozidi sana kiganja cha mkono. Ukipiga breki, injini haipo kwenye kesi kabisa. Hata pale nguvu zinapokuwa nyingi kupita kiasi, uzito unaendelea kudai. Gari la Formula 1 lina nguvu za farasi zinazokaribia 1,000, na bado hesabu inayotumika katika mchezo huo ni kwamba kila kilo 10 za mafuta hugharimu takriban sekunde 0.3 kwa mzunguko. Ikiwa nguvu 1,000 haziwezi kuficha kilo 10, nguvu 116 zitaficha vipi kilo 150?

Na deni hili linazaa. Ukiongeza injini ili kubeba uzito, injini inataka rejeta kubwa zaidi, gia imara zaidi, breki pana zaidi, mafuta mengi zaidi, na kila kimoja kinakuja na kilo zake. Njia ya kinyume inajulikana tangu zamani. Toyota Sports 800 ilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 790, nguvu za farasi 45 hivi, na uzito wa kilo 580. Mwaka 1966, katika mbio za kilomita 500 za Suzuka, magari yenye nguvu zaidi yalilazimika kuingia kujaza mafuta. Sports 800 haikusimama, na ikashinda.

Sasa tuje kwenye hoja inayowavutia waliosoma fizikia ya sekondari. Wanasema umbali wa kusimama hautegemei uzito. Gari zito ni gumu kulisimamisha, lakini pia linayakandamiza matairi zaidi, kwa hiyo msuguano unaongezeka kwa kiasi kilekile na uzito unafutika pande zote mbili za mlinganyo. Kwa tofali la mbao linaloteleza juu ya meza ya maabara, hesabu hiyo inakaribia ukweli. Tairi si tofali la mbao. Mpira ukibanwa zaidi hushika zaidi, lakini si kwa uwiano uleule: ukiuongezea mzigo mara mbili, mshiko hauongezeki mara mbili, unabaki pungufu. Kila anayerekebisha gari la mbio hufanya kazi juu ya ukweli huo. Ndiyo maana akikaza vyuma vya kuzuia gari kulalia upande mmoja mbele au nyuma, tabia ya gari kwenye kona hubadilika. Mlinganyo wa darasani unafuta kitu ambacho barabarani hakifutiki.

Tuseme hata hivyo wamepata tairi la ajabu lisilo na kasoro hiyo. Bado kuna joto. Kusimamisha gari ni kugeuza mwendo wake kuwa joto ndani ya diski na pedi. Kwenye kilomita 100 kwa saa kila kilo imebeba jouli 386 hivi. Kwa kilo 150 ni jouli 58,000. Joto hilo linatosha kuchemsha maji ya kikombe kimoja cha chai kutoka ubaridi wa bombani. Kikombe kimoja kila unaposimama. Shuka mlima mrefu wenye kona 20, na diski zinazotakiwa kupoa kati ya kona na kona zinapewa kikombe kingine kabla hazijamaliza kile cha kwanza. Mafuta ya breki yakifika mahali pa kuchemka, mapovu yanaingia kwenye mfumo, na pedali inazama chini ya mguu bila gari kusimama. Mazda hawakuamini kwamba uzito na nguvu zinafutika kwenye breki: walipoweka injini ya lita 1.8 kwenye kizazi hikihiki, walipanua diski za mbele kutoka milimita 235 hadi 255. Hilo halikufanywa kwa ajili ya urembo.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kusema uzito unasaidia: gari jepesi linapepea, zito linashika barabara. Kabla ya kulijibu, naomba wasomaji wangu waliweke dai hili kando ya lile la kwanza. Mwanzoni tuliambiwa kilo 150 hazihisiki. Sasa tunaambiwa zinahisika, tena kwa faida. Mtu hawezi kushinda kesi kwa kauli zote mbili. Chagueni moja, kisha tuendelee.

Nitawajibu kwa ile ya pili. Kilicho kweli ndani yake ni kwamba upepo wa ubavuni hulisukuma gari zito kidogo kuliko jepesi. Lakini kushika barabara kwenye kona ni jambo jingine, na wanaolijua kwa riziki yao wameshatoa ushahidi. Kanuni za Formula 1 zinaweka uzito ambao gari haliruhusiwi kuwa chini yake. Kama uzito ungeleta mshiko, kanuni hiyo isingehitajika. Kila timu ingejijazia vyuma yenyewe. Kwenye mbio za Super GT za Japani, pointi ambazo gari linashinda hugeuzwa kuwa kilo linazobebeshwa mbio zinazofuata, ili wengine walifikie. Mbio za magari ya kawaida za Uingereza zilifanya vivyo hivyo kwa miaka mingi. Uzito unatolewa kama adhabu, na adhabu hiyo inafanya kazi. Wale wanaotaka matairi yabanwe chini hutumia bawa, kwa sababu hewa hukandamiza tairi bila kuongeza hata kilo moja ya kugeuzwa kwenye kona. Hapo ndipo hoja yao inapokatika: wanachanganya kukandamizwa na kuwa mzito.

Hoja ya mpangilio ni ya kiungwana zaidi. Kinachojalisha, wanasema, ni mahali uzito unapokaa. Ukigawanywa nusu mbele na nusu nyuma, gari halitaharibika. Nakubali kwamba mahali panajalisha sana. Lakini nusu kwa nusu inapatikana kwa kilo 940 na kwa kilo 2,400 vilevile. Haituambii matairi yamebeba nini. Wala haituambii uzito umekaa juu kiasi gani, na hilo ndilo linaloamua matairi ya nje yataelemewa kiasi gani kwenye kona. Haituambii pia uko mbali kiasi gani na katikati ya gari. Mfuko wa saruji uliokuwa mita 1 kutoka katikati ukisogezwa hadi mita 2, ugumu wa kuuzungusha unaongezeka mara nne. Kwa hiyo anayefunga sanduku la spika za besi mwisho wa buti, kisha akaweka kitu cha uzito uleule mbele ili mizani ikae sawa, amelifanya gari kuwa zito kugeuka na zito kuacha kugeuka, huku karatasi yake ikisoma nusu kwa nusu. Na rimu kubwa nzito ndizo mbaya kuliko zote: zinazunguka, kwa hiyo uzito ulio pembezoni mwake unadai karibu mara mbili wakati wa kuondoka, tena ziko chini ya springi, mahali ambapo kila tundu la barabara linazirusha na shokapu lazima lizirudishe.

Imebaki hoja ya usalama. Magari yamenenepa kwa sababu ya kulinda maisha, wanasema, na anayedai wepesi anadai vifo. Ni shtaka zito, na gari zito likigongana na jepesi kweli walio kwenye jepesi huumia zaidi. Lakini kilo tunazobishania si za mifuko ya hewa wala za nguzo za mlango; ni zile ambazo mwenye gari ameziongeza mwenyewe. Na Mazda wameshaonesha kwamba usalama na wepesi vinakaa nyumba moja. MX-5 ya kizazi cha tatu, ya mwaka 2005, ilifika takriban kilo 1,100. Ile iliyokuja mwaka 2015 ina mfumo wa kuzuia gari kuserereka na vifaa vya kulinda abiria ambavyo gari la 1989 halikuwa navyo, lakini toleo lake jepesi zaidi huko Japani lilikuwa na kilo 990 lilipotoka. Boneti, mlango wa buti na mabawa ya mbele ni alumini. Magurudumu yaliyokuwa yakifungwa kwa nati 5 yakarudi kwenye nati 4. Walikuwa na injini kubwa zaidi mkononi. Japani wakaweka ya lita 1.5.

Kwa anayebaki upande wa pili baada ya haya, sina haja ya kuendelea kubishana kwa maneno. Atafute uwanja uliofungwa, tairi zenye hewa sahihi na saa ya kupimia. Aweke mifuko miwili kwenye kiti cha abiria na mmoja kwenye buti, aifunge vizuri, aende mizunguko kumi kwa kasi anayoiweza, aandike muda wa kila mzunguko. Breki zikishapoa, aishushe mifuko na arudie kumi nyingine. Majibu yake nitayapokea, yaje yalivyo, mradi aandike mizunguko yote ishirini na si ile mitatu ya kwanza, kabla breki hazijapata moto.