Waliouawa Uwanjani, Daftari Lao Liko Wapi?



Sisi makarani wa migodi tunajua kazi ya kuhesabu. Gunia moja la unga likipotea, tunaitwa ofisini. Karani akikosea siku moja ya mtu, Bwana Mkubwa anafoka tangu asubuhi mpaka saa ya filimbi.

Basi tunauliza. Mwaka 1941 Union Minière ilikuwa na nambari ya kila mfanyakazi mweusi. Ilipima posho yake, ya mke wake na ya watoto. Hata watoto wachanga wa kambini walipimwa uzito na kuandikwa. Kampuni ya namna hiyo ilishindwaje kuhesabu maiti zake?

Tarehe 9 Desemba 1941, huko Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, wafanyakazi waliogoma walikusanyika kwenye uwanja wa mpira. Ilikuwa wakati wa vita. Shaba ya Katanga ilikwenda kwa majeshi, bei ya vitu ilipanda, na mshahara ulibaki pale pale. Wazungu wa kampuni nao walidai nyongeza mwaka ule ule. Hakuna aliyewaelekezea bunduki. Mtu mweusi hakuwa na ruhusa ya kugoma, wala sendika hakuruhusiwa kuwa nayo mpaka mwaka 1946.

Aliyesema kwa ajili ya wote alikuwa karani, Léonard Mpoyi. Alikuwa mtu wa kalamu kama sisi. Angeweza kubaki mezani kwake (tunaijua sana meza ile, na kiti chake, na shati safi linalotutenganisha na ndugu zetu wa shimoni). Hakubaki. Alisimama mbele ya Gavana Amour Maron akasema maneno ya watu wa kambi. Wazee wanasimulia kwamba Gavana mwenyewe ndiye aliyempiga risasi. Kisha askari wakafyatua juu ya watu wote.

Serikali ilitoa hesabu yake; wazee wanataja watu wengi zaidi. Mpaka leo hesabu hizo hazipatani.

Watu watatujibu: hayo ni mambo ya zamani, Wabelgiji walikwisha ondoka mwaka 1960, na kampuni yenyewe ilitwaliwa na serikali mwaka 1967. Ni kweli. Lakini daftari halifi pamoja na mwenye ofisi. Na tangu siku ile mpaka leo, ni akina nani walioshika kalamu? Ni sisi. Hatuwezi kuwatupia Wazungu peke yao uvivu huu. Wengi wetu tulijifunza kwa kifo cha Mpoyi jambo moja tu: karani mwenye akili hunyamaza. Tukawaachia wengine kukumbuka. Katika miaka ya 1970 Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji, aliichora siku ile kwa rangi, naye hakuwa na ufunguo wa kabati lolote la kampuni.

Jina la Mpoyi tunalo. Wale walioanguka nyuma yake hatunao hata kwa nambari zao. Tunataka makabati ya zamani yafunguliwe, na orodha za kazi za Novemba 1941 zilinganishwe na zile za Januari 1942. Hiyo ni kazi ya karani. Tutaifanya bila kulipwa. Na mwenye babu au mjomba aliyekwenda uwanjani siku ile asirudi, atuletee jina lake, hata kama nambari imesahauliwa.